Nishani za Askari wa Keya (2): Nyota Zisizo na Jina

Wiki iliyopita tulikuwa mwaka 1916, Waingereza walipotoka Taveta, wakaliacha Ziwa Jipe nyuma na kuwafukuza Wajerumani kando ya reli, chini ya milima ya Upare. Nishani walizotoa Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zimechorwa ukingoni namba ya askari, jina lake na kikosi chake. Ukiigeuza kwenye mwanga, unamjua mwenyewe.

Za Vita vya Pili vya Dunia ni tofauti. Uingereza iliamua kuzitoa bila jina, kwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kama kwa askari wa London. Mjukuu wa Jipe anayefungua sanduku la babu atakuta nyota za shaba zenye ncha sita, na hana pa kuanzia isipokuwa utepe.

Basi tuanze na utepe. Wenye rangi ya mchanga, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari ya buluu pembeni, ni wa Nyota ya Afrika: mwenyewe alipigana na Waitalia Somalia au Uhabeshi kati ya 1940 na 1941. Buluu nzito yenye nyekundu katikati na michirizi miwili ya rangi ya chungwa ni utepe wa Nyota ya Burma. Nishani ya mviringo yenye simba aliyemkanyaga joka la vichwa viwili walipewa karibu wote, hivyo peke yake haisemi mengi.

Aliyekuwa na nyota hizo mbili alitembea sana. Vikosi vya 26 na 36 vya Keya, vya Tanganyika, vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, katika matope, malaria na homa ya tifasi (scrub typhus). Tarehe 2 Desemba waliingia Kalewa, na siku chache baadaye daraja la chuma likavuka mto Chindwin. Wenzao waliopigana Madagaska mwaka 1942 hawakupata nyota ya kisiwa hicho; safari yao haionekani kifuani.

Kuna jambo jingine lisiloonekana. Januari 1945, wiki chache tu baada ya Kalewa, maelfu ya Wapare waliteremka Same kukataa mbiru, kodi iliyopimwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Baba na kaka za askari walikuwa wakiibishia serikali ileile ambayo vijana wao walikuwa wakiifia Burma. Kwangu mimi, historia ya askari wa Upare haijakamilika bila mbiru, ambayo hatimaye ilifutwa.

Nawasihi wenye nyota hizo wazitunze pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi. Nyota ikishauzwa bila cheti, hakuna awezaye kuirudisha kwa ukoo wake.

Wiki ijayo: nishani za Vita vya Kagera.