Kaa na Taa

Kwa mpwa wangu wa miaka minne na nusu, kuku ni "tutu" na kaka ni "tata". Nyumbani tulimcheka, tukamwigiza, tukasema anadeka. Bibi yake alishikilia akatwe udata, ule utando wa chini ya ulimi. Mtaalamu wa tiba ya usemi akamwambia mtoto atoe ulimi, alambe juu, alambe pembeni. Ulimi ukafika kote. Udata hauna kosa. Akaagiza masikio yapimwe kwanza, maana mtoto hutamka anachokisikia.

Masikio mazima. Basi ikaja kazi ya mezani: picha mbili, kaa wa pwani na taa ya chemli. Mtoto alimtaka kaa. "Taa," akasema. Akapewa taa. Akaisukuma kwa hasira: "Si taa! Taa!" Mtaalamu, uso mkavu, akampa taa tena. Mtoto akanyamaza, akamtazama mdomoni. Sisi tulikuwa tunamwelewa mno. Akisema "tutu" anaonyeshwa kuku, ya nini ahangaike?

T hutamkiwa mbele ya kinywa, K nyuma. Akalazwa chali mkekani ili ulimi urudi nyuma kwa uzito wake. Wiki ya tatu "kaa" ikatoka, nusu sauti nusu mate.

Mtoto huyuhuyu huziba masikio blenda ikiwashwa, hukimbia mswaki, na uji wenye chembechembe huutema. Kwa hayo alipelekwa chumba cha pili, kwa mtu wa tiba kazi mwenye bembea. Wazo kwamba ubongo wa baadhi ya watoto hupata taabu kupanga mguso, sauti na mwendo ni la A. Jean Ayres wa Marekani, aliyelitolea kitabu mwaka 1972. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha hukohuko kikasema wazazi waelezwe kwamba utafiti wa tiba iliyotokana na wazo hilo ni mchache na haujatoa jibu. Nilichoona mimi ni kwamba bembea ilimtuliza akakubali kukaa mezani. K haikutoka kwenye bembea, na anayeiuza kama dawa ya matamshi aulizwe maswali.

Nyumbani tumekatazwa kumwamrisha "sema kaa!" Akisema "tutu ametimbia", tunajibu, "Ehe, kuku amekimbia, amekimbilia wapi?" Bibi bado husahau.

Juzi kaniamkia, "Shitamoo, mjomba." Nikaitikia. Alipofika mlangoni akasita, akarudi.

"Shi... kamoo."

Nikaitikia tena.