Je, Wajua? Koti la Toi na Korti ya Kibera

Je, wajua kwamba Nairobi ina Kisumu Ndogo zaidi ya moja? Moja iko Kibera, nyingine Korogocho, na zote zimeazima jina la mji ulio kando ya Ziwa Victoria. Katika mitaa hiyo, maneno mawili ya Kiingereza yasiyo na undugu wowote, coat na court, hutoka kinywani kwa sauti moja: koti. Huyu anatafuta koti kwa sababu baridi ya Julai imemzidi. Yule anatafuta wakili kwa sababu kesho ana kesi kotini.

Ukifuata nyayo za maneno haya utaona yametoka mbali. Yote mawili yaliingia Uingereza kupitia Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, lakini huko Ufaransa hayakuwa ya ukoo mmoja. Coat ni vazi tangu mwanzo, na wataalamu wengi hulirudisha kwenye lugha za kale za Kijerumani. Court limetoka kwa Kilatini cohors, yaani ua uliozungushiwa ukuta. Ua wa mfalme uligeuka kuwa baraza lake, na barazani ndiko watu walikokatiwa kesi.

Yamekutanaje basi? Kiingereza kina irabu nyingi, Kiswahili tano tu. Mwingereza wa London hatamki r ya court, kwa hiyo kinacholitenga na coat masikioni ni irabu peke yake, na irabu hizo mbili kwetu zote ni o. Neno letu nalo halipendi kuishia na t, likaongezwa i. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa board na body: shule ina bodi, na matatu ya namba 46 inayokwenda Kawangware ina bodi.

Hata hivyo hakuna anayechanganyikiwa, na hapa ndipo ninapoipenda sana lugha hii. Nenda Soko la Toi, pembeni mwa Kibera, siku mtumba unapofunguliwa. Wanaowahi huchagua kamera, yaani zile nguo za kwanza zilizo bora. Mnunuzi hulikung'uta koti, hugeuza bitana kutafuta tundu, huhesabu vifungo, kisha bei huanza kuvutwa huku na huku. Koti hilo huvaliwa, huvuliwa, hufuliwa. Koti lile jingine mtu hupelekwa, hushtakiwa, huachiliwa kwa dhamana, na karibu kila mara hubeba -ni mkiani: kotini. Pesa zilizo ndani ya vazi hakuna anayesema ziko kotini. Ziko kwenye mfuko wa koti. Kitenzi na kiambishi vinatosha kumwambia msikilizaji kama anayezungumziwa yuko Toi au yuko kizimbani katika Mahakama ya Kibera.

Je, wajua pia kwamba magazetini maneno haya hayafanani? Taifa Leo huandika korti, yenye r, na koti huachiwa vazi. Ni jambo la ajabu kidogo, kwa sababu ndugu zake wengi waliipoteza r hiyo njiani: kadi, baa, shati, ripoti, pasipoti. Korti iliibakisha, na ni heri, maana karatasi haina sauti wala ishara ya mkono ya kumsaidia msomaji. Mahakama, jina rasmi la korti katika sheria na katiba, ni neno la Kiarabu, na limezaliwa tumbo moja na hakimu, hukumu na hekima.

Kisumu Ndogo ina la ziada. Wakazi wake wengi ni Wajaluo, na katika Kijaluo koth ni mvua. Tamka pole pole: th yake si t ya koti, lakini masikioni mwa mgeni maneno hayo mawili yako karibu sana. Mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth, wa kike Akoth. Eneo bunge la Kibra, ambamo Kibera imo, lilipopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2013, baada ya kumegwa kutoka Lang'ata, mbunge aliyechaguliwa alikuwa Ken Okoth. Alilitumikia hadi alipofariki Julai 2019.

Kwa hiyo ukiandika habari za kesi, tafadhali itie ile r. Ukizungumza, sema upendavyo. Kisumu Ndogo watakuelewa.