Utando wa Lenzi na Vumbi la Tabora

Mwaka 1857 msafara wa Burton na Speke ulitoka Unguja, ukavuka hadi Mrima, na Novemba ukafika Kaze, ndiyo Tabora yetu. Februari 1858 Speke alifikishwa Ziwa Tanganyika akiwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Ziwa alilolifuata hakuweza kuliona vyema.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini vumbi la kiangazi halikuondoka na wapagazi. Katika vumbi hilo wanapita vijana wetu, wakiwamo wa Visiwani waendao bara kwa masomo na kazi, na baadhi yao huvaa lenzi machoni badala ya miwani. Kwa ajili yao tunaandika.

Lenzi laini zilitokana na kazi ya Otto Wichterle, mwanakemia wa Chekoslovakia, ambaye mwaka 1961 alizitengeneza nyumbani kwake kwa mtambo alioufanyiza kwa vipande vya mchezo wa watoto. Zilikuwa za polima inayonywa maji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja za silikoni, zipitishazo hewa kwa wingi. Kasoro ya silikoni ni kwamba hukimbia maji na kupenda mafuta. Nayo machozi yana mafuta na protini. Hivi hugandamana juu ya lenzi mithili ya ukoko, jicho likawasha na kuona kukafifia. Hivyo wataalamu huifunika lenzi kwa utando mwembamba mno wa polima nyingine, inayoshika maji. Maji yakishatanda juu yake, uchafu hupata taabu kushika. Ni ufundi mzuri, nasi twaupongeza.

Hata hivyo utando huo hauoshi lenzi, wala si kinga ya kutosha dhidi ya vijidudu. Katika maji ya bomba au kisima huweza kuwamo akanthamiba, kijidudu kinachoshambulia kioo cha jicho na kuweza kupofusha. Maji yatoshayo kwa udhu hayafai kuoshea lenzi. Mate ndiyo kabisa. Inatakiwa dawa yake maalumu, na mikono iliyooshwa kwa sabuni ikakaushwa. Aliyeishiwa dawa njiani na avae miwani.

Kwa ndugu viongozi tuna neno moja. Lenzi za rangi tumeziona zikiuzwa kando ya wanja na hereni, pasipo mnunuzi kupimwa macho wala kupewa dawa ya kuzioshea. Tungependa maofisa wa afya, bara na Visiwani, waanze ukaguzi na meza hizo kabla ya kiangazi kijacho.