Sola: kibali mnakitafuta pasipo penyewe

Swali ni lilelile, liwe limetoka Kibondo mjini au Heru Juu kule Kasulu: "Nikiweka sola juu ya nyumba, kibali nachukua halmashauri, TANESCO au kwa mtendaji?" Kwa paneli mbili tatu juu ya bati lililopo, zisizoungana na gridi, huhitaji leseni ya kuzalisha umeme. Sheria ya Umeme ya 2008 inasamehe leseni mitambo ya chini ya megawati moja, na kufikia hapo kwa paneli za wati 500 unahitaji paneli 2,000. Kibali cha ujenzi kinahusu jengo. Ukitaka kusimika fremu ya chuma uwanjani au kuongeza chumba cha betri kwenye kiwanja kilichopimwa, mwone kwanza ofisa mipango miji. Basi.

Kinachonikera ni kwamba muulizaji huyohuyo haulizi kabisa kuhusu soketi. Gridi ya Taifa iliingia Kigoma mwaka 2022, ikakuta watu wana sola zao za tangu enzi za majenereta ya dizeli. Sasa nyumba moja ina vyote viwili, na fundi wa mtaani ana ujanja wake: waya wenye plagi pande zote mbili, plagi moja kwenye inverta, ya pili kwenye soketi ya ukutani. Eti nyumba nzima itawaka, na jua likiwa kali LUKU itakurudishia uniti.

LUKU hairudishi kitu. Uniti zako ni zile ulizonunua kwa tokeni, na mita nyingi za kulipia kabla huhesabu umeme unaopita bila kujali unaelekea wapi, kwa hiyo unaweza kukatwa uniti kwa umeme wa jua lako mwenyewe. Tena inverta ya kawaida ya betri haina uwezo wa kwenda sambamba na gridi. Umeme wa TANESCO ukirudi ghafla huku ile plagi iko ukutani, mawimbi mawili yanagongana, na inayoungua ni inverta yako.

"Basi nitachomeka umeme ukikatika tu." Hapo ndipo pabaya zaidi. Transfoma haina upande mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Inayoshusha volti 33,000 hadi 230 za nyumbani kwako, ukiilisha 230 kutoka chini inazipandisha kwenda juu. Mara nyingi mzigo wa majirani huizidi inverta ikazima yenyewe. Lakini waya ukikatika mahali ukabaki peke yako kwenye kipande hicho, fundi aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa anakutana na umeme wako. Na hata bila nguzo, chomoa plagi moja uitazame: vyuma vitupu, volti 230, na mtoto yuko hapo sebuleni. Aliyekuuzia waya huo hakupaswa kushika hata bisibisi.

Anayetaka kweli kupeleka ziada kwenye gridi ana njia halali. Kanuni za EWURA za 2018 zinaruhusu mitambo isiyozidi megawati moja, kwa maombi na makubaliano na TANESCO, mita inayohesabu pande mbili, na inverta inayojizima gridi ikikatika. Kibali mnachokitafuta kiko huko.

Wengine wote, haraka haraka: funga swichi ya kubadilishia, ile inayochagua TANESCO au sola na kamwe si vyote. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, umwombe akuonyeshe. Boliti ziingie kwenye mbao za kenchi, si kwenye bati peke yake, upepo wa milimani mnaujua. Huku tuko kusini kidogo ya ikweta, paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, mvua iioshe vumbi. Fremu iunganishwe na ardhi kwa waya wa shaba. Nyumba ya nyasi, weka paneli kwenye nguzo pembeni. Betri ya maji ya asidi hutoa gesi inayolipuka ikichajiwa, kwa hiyo iwe mahali penye hewa. Itoeni chini ya kitanda.