Kumbukumbu, kiendeshi, wati: msamiati wa kuchagua kadi ya michoro ya bei nafuu

Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri alimfasiria kaka yake maelezo ya kadi ya michoro aliyotaka kuinunua kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Aliandika kwamba kadi hiyo ina “hifadhi ya gigabaiti 4”. Sarufi haikuwa na kasoro. Hata hivyo kaka, akijua kuwa kompyuta yake ina diski kubwa, aliona gigabaiti hizo si jambo la kujali, akatoa akiba yake. Michezo mipya ikawa inakwamakwama. Neno moja lilimponza.

Kumbukumbu, si hifadhi. Hifadhi ni mahali pa kuweka mafaili ya kudumu, yaani diski. Kumbukumbu ya kadi hubeba kwa muda sura na rangi za vitu vinavyochorwa kwenye skrini. Ikijaa, kadi hulazimika kuchota data kutoka kumbukumbu kuu ya kompyuta kupitia njia ya polepole zaidi, na mchezo hukatikakatika. Diski, hata ingekuwa kubwa namna gani, haiwezi kuziba pengo hilo. Gigabaiti 4 huitosha michezo mingi ya zamani. Kwa michezo mipya ni busara kutafuta 8.

Kiendeshi. Neno hili hutumiwa na baadhi ya wafasiri kwa maana mbili: diski, na programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa. Napendekeza libaki na maana ya pili pekee, kwa kuwa hapo ndipo Windows na Linux zinapoachana. Kwenye Windows, AMD na NVIDIA zote hutoa viendeshi vya kupakua na kusakinisha. Kwenye Linux, kiendeshi cha AMD kiitwacho amdgpu kimo ndani ya kiini cha mfumo chenyewe, nacho hushirikiana na programu huria za Mesa; aghalabu mtumiaji hasakinishi kitu. Kwa kadi za NVIDIA, anayetaka kucheza kwa kawaida husakinisha kiendeshi cha kampuni hiyo.

Kwa hiyo sentensi “kadi hii inafanya kazi kwenye Linux” haijakamilika. Mfasiri aulize: inatambuliwa tu, au inachezesha michezo? Tangu mwaka 2018 Valve imetoa Proton, programu inayowezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa kwenye Linux. Lakini si yote: Valorant, kwa mfano, haichezeki huko kwa sababu ya mfumo wake wa kuzuia udanganyifu, na hakuna kadi itakayoliondoa zuio hilo.

Kuingia na kufaa. Muuzaji akisema kadi “inaingia”, amezungumzia umbo tu. GeForce GTX 1650 hutumia takribani wati 75, kiasi ambacho nafasi ya kupachikia kadi huweza kukitoa. Matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Radeon RX 6600, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, hutumia wati 132 na huhitaji waya huo. Kompyuta nyingi zilizotumika maofisini, zinazouzwa kwetu kama mitumba, hazina waya huo wala pawa saplai ya kuuhimili mzigo. Kadi itaingia, lakini haitafaa.

Jina si kitu. GeForce GT 1030 iliuzwa kwa jina hilohilo ikiwa na aina mbili za kumbukumbu, GDDR5 na DDR4. Ile ya DDR4 ni ya polepole mno ikilinganishwa na mwenzake. Anayefasiri tangazo akaziacha herufi hizo kwa kudhani ni mapambo, amemnyima msomaji habari muhimu kuliko zote.

Tuhitimishe. Mwenye pawa saplai ya kutosha, anayetumia Linux na Windows kwa zamu, atapata utulivu kwa RX 6600 au kadi ya jamii yake. Mwenye kompyuta ya ofisi isiyo na waya wa ziada atafute GTX 1650 isiyouhitaji, akubali kupunguza ubora wa picha. Nawe mfasiri, andika “kumbukumbu ya gigabaiti 8, aina ya GDDR6, wati 132, huhitaji waya wa ziada wa umeme”. Maelezo hayo hayana madoido, lakini yanalinda fedha ya mtu.