Je, Wajua? Walinzi wa Kijiji Kwenye Njia ya Pembe

Karne ya 19, pembe za ndovu zilipita Tabora mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi zikielekea Bagamoyo. Leo, katika mkoa huohuo, wanakijiji ndio wanaotoka na kuingia porini kuwalinda ndovu.

Ipole, wilayani Sikonge, pale barabara ya Mpanda inapoachana na ile ya Rungwa, na pia Uyumbu, upande wa Urambo, vijiji vilitenga sehemu ya ardhi yao kuwa Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, mpango uliowekewa kanuni mwaka 2002. Askari wa doria hutoka vijijini humohumo. Chuo chao kiko mbali, Likuyu Sekamaganga mkoani Ruvuma. Posho? Mfuko wa jumuiya ukikauka, kazi hugeuka ya kujitolea.

Na si kazi ya fahari. Ni kutembea kutwa kwenye miombo, mbung'o wakiuma kupitia shati, macho yakitafuta waya wa breki ya baiskeli uliofungwa kitanzi mtini, au kisiki kibichi cha mninga. Wanaolindwa ni pamoja na palahala, korongo na nzohe, swala anayejificha kwenye matete ya majini.

Jirani wa jumuiya hizo, Pori la Akiba Ugalla, lilipandishwa hadhi mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Warina asali walizoea kuingia humo kwa msimu, kwa kibali. Kwenye misitu ya vijiji bado wanatundika mizinga, na mlio wa gobori wanausikia kabla ya askari yeyote.