Sumu ya Shambani Haitolewi kwa Kunywa Dawa



Nkoma ni nchi ya pamba, na msimu wa kupulizia dawa huja na swali lile lile: tunywe nini ili kutoa sumu mwilini? Jibu letu halipendezi. Hakuna. Ini huivunja sumu na figo huitoa kwa mkojo; chupa za "kusafisha damu" zinazouzwa mnadani hazisaidii kazi hiyo, na nyingine huliumiza ini lenyewe. DDT hukaa katika mafuta ya mwili miaka mingi, wala hakuna kinywaji cha kuiondoa.

Sumu nyingi humwingia mpuliziaji kupitia ngozi, hasa pampu inapovuja mgongoni. Akianza kutokwa mate na jasho jingi, mboni zikawa ndogo na kifua kikabana, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa yenye lebo. Huko kuna sindano ya atropini kwa sumu za aina hiyo. Msimpe maziwa (tunajua ndiyo desturi) wala msimtapishe. Dawa yenye mafuta ikiingia mapafuni huua.

Kinachotusumbua zaidi ni madumu. Dumu la dawa halitakati hata likioshwa kwa majivu, lakini bado tunayaona kisimani. Lisuuzwe mara tatu, maji hayo yamwagwe ndani ya pampu yapuliziwe shambani, kisha litobolewe. Tunaomba kila kamati itenge fedha za ndoo safi kwa kaya zisizo na uwezo, kabla ya Januari.